Usiache nafasi wazi kwenye fomu ya mpiga kura

Leo tuko kituo cha uandikishaji wa wapiga kura, pale karani anapouliza na wewe unajibu.

Jina lisikupite haraka. Kitambulisho chako cha taifa, kile cha NIDA, kinasema Mwanahamisi, mtaani unaitwa Mama Shani. Karani akiandika la mtaani, utakuja kulitafuta jina lako daftarini usilione. Taja majina kama yalivyo kwenye kitambulisho, tena polepole, herufi kwa herufi ikibidi. Makarani nao ni watu, na foleni ni ndefu.

Tarehe ya kuzaliwa huwasumbua wazee wetu. Bibi huijua miaka kwa matukio: "nilizaliwa mwaka wa Uhuru." Basi hiyo ni 1961, mwambieni karani hivyo. Kubahatisha tu ili foleni isogee, hapana.

Ulianza kwa mtandao? Kazi haijaisha. Picha, alama za vidole na saini huchukuliwa kituoni, ana kwa ana. Umehama Temeke kwenda Kibaha? Usijiandikishe upya, kwani kujiandikisha mara mbili ni kosa kisheria. Omba taarifa zako zihamishwe.

Ukikabidhiwa kadi ya mpiga kura, isome hapo hapo kabla hujaitia mfukoni. Kosa likikupita, bado Tume ya Uchaguzi hubandika Daftari la Awali la wapiga kura ili wananchi walikague. Nenda na kadi yako, mwonyeshe karani palipokosewa, na umwombe fomu ya marekebisho.