Picha Ikishatumwa Grupu, Yako ya Asili Iko Wapi?



Nchi ikitikisika, kinachotoka mfukoni kwanza ni simu. Juni 2024 mliona wenyewe: kabla taarifa ya habari ya jioni haijasomwa, picha za barabarani zilikuwa zishafika kila nyumba. Mambo yasipoeleweka watu hukimbilia picha. Sawa. Lakini baada ya miezi sita, ile picha yako iko wapi?

Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, alirekodi matukio baada ya Tom Mboya kupigwa risasi Julai 1969. Oktoba 1984 alipiga filamu ya njaa kule Korem, Ethiopia. Maonyo yalikuwa yashatolewa kitambo na dunia haikusikia; BBC ilipoonyesha kanda yake, misaada ikaanza kumiminika. Amin alifariki 1996. Kazi zake bado tunazo kwa sababu zilihifadhiwa.

Tuje kwetu zaidi. Boniface Mwangi alikuwa mpiga picha wa gazeti la The Standard wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Baadaye picha zile zilizungushwa mijini katika maonyesho ya Picha Mtaani. Hazikuwekwa kwenye ukumbi wa hoteli, ziliwekwa barabarani, mama anayetoka sokoni azione. Watu walisimama wakatazama yale majirani walivyofanyiana. Wengine walilia.

Sasa sikizeni. Picha za aina hiyohiyo, bila tarehe wala jina la mahali, huokotwa zikasambazwa kama za jana. Mtu anaona nyumba inaungua, anadhani ni mtaa wa pili, anachukua panga. Na mwaka 2027 tunapiga kura tena.

Kwa hivyo ukipiga, ile ya asili usiifute wala usiikate. Ukiituma WhatsApp kama picha ya kawaida inapunguzwa ubora, na maelezo ya saa na mahali yaliyomo ndani yanapotea. Wakili au mchunguzi akiihitaji, mtumie kama faili. Na uandike siku ileile: lini, wapi, nini kilitokea kabla na baada. Usingoje, utasahau. Weka nakala nje ya simu pia, maana simu huibiwa, na huchukuliwa.

Ya kusambaza ni nyingine. Hiyo ziba nyuso. Aliyelala chini anavuja damu hawezi kukuambia usimpige, na kijana aliyeshika bango leo anaweza kufuatwa kwao kesho kwa sababu ya picha yako wewe uliyetaka watu waipende. Mtoto usimuonyeshe kabisa. (Nyinyi wa kujipiga selfi mbele ya tairi linalowaka, tutaongea kando.)

Haya, toeni simu. Tuanze kwa kuangalia kama tarehe na saa ziko sawa.