Historia Yetu Itaandikwa na Nani?



Historia ya Meru na Embu haimo katika mafaili ya zamani ya Bwana D.C. peke yake. Mwaka 1956 Njuri Ncheke ilipiga marufuku kutahiri wasichana. Wengi wakajitahiri wenyewe, wakaitwa Ngaitana. Faili la korti laonyesha mashtaka na faini. Sababu zao alizitafuta Lynn Thomas, mtaalamu wa Marekani, kwa kuwauliza wenyewe walipokwisha kuwa akina mama. H. S. K. Mwaniki naye aliwauliza wazee wa Embu, akachapa maneno yao mwaka 1974.

Je, sisi wa kahawa? Kadi zetu za kazi zaliwa na mchwa. Tuanze na akina mama wachumaji. Asiyekumbuka mwaka, aulizwe rika lake. Daftari liko kwa Katibu wa tawi.