MTOTO ASIYESEMA SI MJINGA

(Haya ni maneno ya hotuba iliyotolewa Kisumu mbele ya wazazi, walimu na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.)



Tumeombwa tuzungumze juu ya masomo ya chuo kikuu katika elimu maalumu na matatizo ya mawasiliano. Tunajua wengine wenu mkisikia chuo kikuu mnasema, ah, hayo ni ya watoto wa matajiri, sisi ni watu wa omena. Tafadhali msitoke. Tutaanza na jambo lililotokea hapa hapa ufuoni, na ni jambo linalotuaibisha sisi wenyewe.

Miaka mingi iliyopita, tulipokuwa bado wageni katika kazi hii, tulizunguka boma kwa boma na daftari tukiandika watoto wasiokwenda shule. Katika boma moja karibu na ziwa tulimkuta mvulana wa miaka minne. Alikuwa hasemi. Tulimwita jina lake, akaendelea kuchezea nyavu kama hatupo. Bibi yake alituambia ni chira, ati kuna mwiko ulivunjwa kabla hajazaliwa. Majirani walimwita momo, yaani bubu. Na sisi, pamoja na diploma zetu za ustawi wa jamii, tulimtazama kama dakika kumi, tukaandika: "Akili pungufu. Hafundishiki." Tukafunga daftari, tukaenda boma lingine.

Mwaka uliofuata baba yake alizama ziwani kwa dhoruba. Mwili haukupatikana. Mnajua desturi yetu: wazee walichukua tunda la yago, wakalizika mahali pa mwili. Mtoto alikuwa pale, akaona watu wanalia na tunda linafukiwa. Hakuna aliyeweza kumweleza. Tangu wakati huo akawa anakwenda ufuoni kila siku mashua zikirudi. Anasimama, anaangalia kila mashua, halafu anarudi nyumbani. Watu wakasema amepagawa. Sisi tukaongeza mstari mmoja kwenye daftari: "Hutangatanga ufuoni."

Alipofika miaka minane, mwalimu mmoja wa shule ya msingi alipita pale tukiwa pamoja. Mwalimu huyo alikuwa akisomea shahada ya elimu maalumu wakati wa likizo za shule. Hakuanza na mtoto, alianza na mama. Akamwuliza, "Mama, kabla hajanyamaza, aliwahi kusema neno lolote?" Mama akasema, ndiyo, alikuwa anasema "mama", alikuwa anasema "pi" akitaka maji. Halafu karibu na miaka miwili alilazwa kwa homa ya uti wa mgongo, na alipotoka hospitali hakusema tena. Kumbe! Miaka minne tulikuwa tunalijua boma lile, na swali hilo hatukuliuliza hata siku moja.

Mwalimu akachukua kifuniko cha sufuria, akasimama nyuma ya mtoto, akakipiga kwa nguvu. Kuku walikimbia. Mtoto hakugeuka. Halafu akamwekea mkono juu ya ngoma, akaipiga polepole, na mtoto akacheka. Mwalimu akatuambia, "Msiseme nimempima. Sufuria si kipimo. Mpelekeni kwenye kituo cha upimaji." Tulikwenda. Mtoto alikuwa kiziwi. Akili yake ilikuwa nzima kabisa.

Alipelekwa shule ya viziwi. Mama naye akajifunza ishara kidogo kidogo. Likizo moja mtoto alirudi nyumbani, na jambo la kwanza aliloliuliza kwa mikono yake lilikuwa hili: Baba yuko mashua gani? Siku hiyo ndipo mama alipompa habari ya kifo cha baba yake. Wenzake walikwisha kulia miaka mitano nyuma. Yeye alilia siku hiyo, peke yake.

Leo ni mtu mzima, fundi wa kuunda mashua, na kazi yake ni nzuri. Lakini kusoma kunampa taabu mpaka leo, kwa sababu alianza amechelewa. Lugha inataka kuingia mapema, mtoto akiwa bado mdogo, iwe ni lugha ya mdomo ama ya mikono. Miaka ile minne sisi ndio tuliomnyang'anya. Hatukufanya hivyo kwa ubaya, tulikuwa hatujui.

Sasa mnaona kwa nini tumekuja na hadithi hii. Yule mwalimu hakumpenda mtoto kutuzidi sisi. Alituzidi kwa maswali, na maswali yale alifundishwa mahali.

WANASOMA NINI HUKO?

Anayesomea fani hii anajifunza kwamba kusema si kazi ya ulimi peke yake. Sikio lipokee, ubongo uelewe na upange, pumzi itoke, koo litoe sauti, ulimi na midomo iikate sauti hiyo iwe maneno. Kiungo kimoja kikikosea, mtoto anaonekana "hasemi", na sisi tunawatia wote kapu moja.

Hebu tuangalie. Kuna kiziwi, kama yule wetu. Kuna mwenye sikio linalotoka usaha kila msimu, ambaye leo anasikia na kesho hasikii, na mwalimu anamchapa ati ni mtundu. Kuna mwenye mtindio wa ubongo, anaelewa kila neno lakini misuli haimtii. Kuna aliyezaliwa na mdomo uliopasuka. Kuna mwenye usonji. Kuna mwenye kigugumizi, anayejua jibu darasani lakini anaogopa kuinua mkono. Kwetu huku kwenye mbu wengi, kuna pia aliyenusurika malaria iliyopanda kichwani. Watafiti wa KEMRI huko Kilifi wamewafuatilia watoto kama hao, wakaona kwamba wengine hubaki na kifafa, na wengine na matatizo ya usemi na lugha. Mzazi anashukuru mtoto amepona, halafu mwaka wa pili anashangaa kwa nini maneno hayaji.

Kila mmoja wa hawa anahitaji msaada wake. Kumpa mmoja dawa ya mwingine ni kumpotezea miaka.

Vijana wajue pia kwamba kazi hizi si moja. Mwalimu wa elimu maalumu hufundisha na kupanga masomo kulingana na mtoto. Mtaalamu wa kupima usikivu hushughulika na masikio na vifaa vya kusikilizia. Mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha hufundisha kusema, kuelewa, hata kutafuna na kumeza kwa mtoto anayepaliwa. Huyo huyo humsaidia mzee aliyepigwa na kiharusi akapoteza maneno. Wazee wangapi hapa kwetu wamekaa kimya pembeni mwa nyumba, na sisi tukasema ni uzee tu?

TUMETOKA WAPI

Wapendwa, hatuanzi na mikono mitupu. Mwaka 1961 Kanisa Katoliki lilianzisha shule ya viziwi Nyang'oma, upande wa Bondo, na nyingine Mumias. Hizo ni miongoni mwa shule za kwanza za viziwi katika Kenya, na zilianza hata kabla ya Uhuru. Mwaka 1964 serikali iliunda kamati chini ya Ngala Mwendwa kuangalia malezi ya watu wenye ulemavu. Mwaka 1984, kwa msaada wa Denmark, vilianzishwa vituo vya kupima watoto na kuwashauri wazazi, na hapa Kisumu tunacho. Mwaka 1986 ikaja Taasisi ya Elimu Maalumu, KISE, huko Kasarani, Nairobi. Walimu wengi wa Nyanza wamepata cheti na diploma kwa mkono wake.

Halafu jambo likasogea mlangoni petu. Mwaka 1990 chuo cha ualimu cha Siriba na chuo cha serikali cha mafunzo pale Maseno viliunganishwa kuwa chuo kikuu kishiriki cha Moi, na mwaka 2001 Maseno ikawa chuo kikuu kamili. Kina idara ya elimu ya mahitaji maalumu. Kutoka Kisumu mjini ni safari fupi ya matatu kwenye barabara ya Busia. Mwalimu wa Usenge ama wa Kendu Bay ameweza kusoma wakati wa likizo na shule zikifunguliwa akarudi darasani kwake.

Lugha ya Ishara nayo imeingia chuo kikuu. Zamani katika shule nyingi mtoto kiziwi alikatazwa kutumia mikono, alazimishwe kusoma midomo. Mwaka 1991 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza mradi wa utafiti wa Lugha ya Ishara ya Kenya. Kati ya waliouongoza alikuwa marehemu Profesa Okoth Okombo, yule yule aliyekuwa bingwa wa isimu ya Dholuo. Walionyesha wazi kwamba ishara ni lugha yenye sarufi yake. Katiba ya 2010 ikaipa heshima: serikali inatakiwa kuikuza, na ni mojawapo ya lugha tatu za Bunge. Katika mtihani wa KCSE mwanafunzi kiziwi anaweza kuifanya badala ya Kiswahili.

PENGO LILILOBAKI

Pamoja na hayo, kwenye upande wa tiba ya usemi bado tuko nyuma. Kwa miaka mingi Mkenya aliyetaka kazi hiyo ilibidi aende ng'ambo. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, kilianza shahada ya tiba ya usemi na lugha, kozi ya miaka mitatu. Ziwa ni letu sote, na wenzetu wa upande wa pili walitutangulia. Wataalamu wa Kenya bado ni wachache, na wengi wao wako Nairobi. Mama wa Mbita au Rusinga, mwenye mtoto mgongoni, atawafikiaje?

Kuna jambo lingine. Vitabu vya fani hii na vipimo vyake vingi viliandikwa kwa watoto wa Uingereza na Marekani. Mtoto anaonyeshwa picha ya kitu ambacho hajakiona maisha yake yote, akinyamaza anaandikiwa kwamba ameshindwa. Na sauti zetu si zao. Mtoto wa Kijaluo akisema "sule" mahali pa "shule", huo si ugonjwa, ni Dholuo kinachosema ndani yake. Mgeni anaweza kumpeleka tiba mtoto mzima, na akamwacha mgonjwa kweli kwa kuwa haelewi anachosikia. Kwa hiyo tunataka vijana wa hapa, wanaojua lugha ambayo nyanya humsemesha mtoto jioni.

TUNAOMBA NINI

Kwanza, wazazi. Mtoto asiposhtuka kwa kelele, ama afike miaka miwili bila maneno, ama aache maneno aliyokuwa nayo, usingoje. Usianze na mganga, wala usianze na kuomboleza. Nenda zahanati aangaliwe masikio, halafu nenda kituo cha upimaji. Na wakati unangoja, zungumza naye uso kwa uso, kwa mikono, kwa vitu. Usimfiche.

Pili, jumuiya. Tunafanya harambee za matanga kila wiki, na hatuzikatai. Lakini tuchague kijana mmoja kila parokia, aliyepata alama za chuo kikuu, tumsaidie karo na nauli asomee fani hii, juu ya mkopo wa HELB na basari ya eneo bunge. Naye aahidi kurudi huku huku kwetu. Shahada ikibaki ofisini Nairobi, huku ufuoni tutaendelea kupima watoto kwa macho.

Tatu, ninyi vijana viziwi na wenye ulemavu. Msidhani masomo haya ni ya kuwasaidia ninyi tu. Ni yenu kuyasoma na kuyafundisha. Dakta Michael Ndurumo alipoteza usikivu akiwa mtoto, akasoma Marekani mpaka udaktari wa falsafa, akarudi Kenya kufundisha chuo kikuu. Jiandikisheni kwa Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, muulize kuhusu msaada wa karo.

Nne, sisi wafanyakazi wa jamii. Tumeacha kuandika "hafundishiki". Mahali pale sasa tunaandika maswali: Aliwahi kusema? Aliugua nini? Nani amempima masikio? Kama hatuna jibu, tunaandika "hatujui", na tunamtafuta anayejua.

Lile daftari la zamani bado tunalo ofisini. Hatukufuta ule mstari. Kila anapokuja mfanyakazi mpya tunamfungulia ukurasa ule, asome yeye mwenyewe, halafu tunampa anwani ya kituo cha upimaji kabla hatujampa kitu kingine chochote.

Wenye watoto ambao wangependa tuwaone, tutabaki hapa mpaka jioni. Mungu awabariki.