KODI YA DUKA: HATA KAMISHNA ANA KIKOMO
(Maneno ya Katibu mbele ya mkutano wa wanachama)



Nimeombwa niseme juu ya barua za kodi. Mwenye duka au mashine ya kusaga akiambiwa makadirio yake ya zamani yamebadilishwa, mara anaanza kuuza mbuzi. Ngoja kwanza! Soma tarehe.

Sheria ya Taratibu za Kodi ya Kenya ya mwaka 2015, kifungu cha 31, inamruhusu Kamishna kurekebisha makadirio, lakini ndani ya miaka mitano tangu ulipopeleka ritani. Basi wewe uliyepeleka tarehe 30 Juni 2019, mlango huo ulifungwa mwisho wa Juni 2024. Ila kama ulidanganya, ulikwepa kodi au ulizembea kwa makusudi, hakuna kikomo. Hapo msinitafute.

Na barua ikiwa ndani ya miaka mitano? Unaweza kupinga, kwa maandishi, ndani ya siku 30 tangu kuletewa uamuzi. Kwenda kulalamika dirishani si pingamizi. Taja unachokataa na sababu zake, useme unataka kirekebishwe vipi, uambatishe karatasi zako. Ile sehemu usiyoibishia, ilipe kwanza, ama sivyo pingamizi halihesabiwi. Kamishna akikukatalia, liko Baraza la Rufaa za Kodi, nako ni siku 30.

Jamani, notisi siku hizi huja kwa barua pepe. Kama kijana wa saiba alikusajili kwa anwani yake mwenyewe, siku zinakwisha wewe uko shambani hujui lolote. Kaangalieni hilo wiki hii.

Sasa jambo gumu. Kifungu cha 56 kinasema mwenye kuthibitisha kwamba makadirio si sawa ni mlipa kodi, si Kamishna. Yeye aseme uliuza laki tano, wewe useme laki mbili: daftari liko wapi? Wengine wetu tunaandika mauzo nyuma ya kalenda, na mwaka ukiisha tunawashia moto. Hata wewe unayelipa kodi ya mauzo, ile ya asilimia 3 tangu Julai 2023, unadaiwa daftari. Weka daftari na risiti miaka mitano, mahali panya hawafiki.

Mwenye barua ailete ofisini Jumanne asubuhi, na bahasha yake, tuisome pamoja.