Franga za Asubuhi na Chakula cha Njiani

Tuseme kidogo juu ya zile franga unazomtia mtoto mkononi asubuhi anapokwenda masomo.

Najua ginsi inavyokuwa. Makala ni bei kali, wewe unawahi soko ao shamba, naye mtoto anasimama mlangoni. Unamwambia, "Utanunua ku njia." Ananunua mandazi mawili, pengine na pipi. Tumbo linajaa upesi. Lakini mandazi ni unga, sukari na mafuta. Yanatia nguvu ya saa chache. Cha kujenga mwili na damu ni kidogo sana. Kabla ya saa sita mtoto anasinzia, na mwalimu anadhani ni mvivu.

Tusimtukane mama anayeuza mandazi. Huyo anajua hesabu. Andazi lisilouzwa asubuhi litauzwa jioni. Lakini wali na sombe vikibaki katika joto letu, vinachacha, na hasara ni yake peke yake. Ndiyo maana chakula kizuri hakionekani njiani, si kwa sababu watu hawakijui.

Wanafunzi wangu wa uuguzi huniuliza: kwa nini mtu asifungue restora za chakula kizuri cha upesi, kwa bei ya maskini, Alunguli, Mikelenge na kila mahali? Watu wamejaribu. Huko Marekani, wapishi wawili wenye jina kubwa, Roy Choi na Daniel Patterson, walifungua restora yao LocoL katika mwaka 2016, katika mtaa wa Watts, Los Angeles, ambako watu wengi hawana feza. Nyama walichanganya na nafaka, bei wakaiweka chini, kazi wakawapa watu wa mtaa. Walifungua na nyingine. Lakini mshahara ulipwe, vyakula vinunuliwe, na mnunuzi ana feza kidogo tu; tena wengine walikuwa wamezoea ladha ya vile vingine. Katika 2018 milango ilifungwa.

Sasa sikieni habari ya karibu nasi, ya Kenya. Katika mwaka 2012 dada mmoja aliyesomea mambo ya lishe, Wawira Njiru, alianza jiko dogo Ruiru, karibu na Nairobi, akilisha watoto 25 wa masomo. Kazi yake inaitwa Food for Education. Leo majiko yake ni makubwa, yanapika kwa mvuke, na watoto wanaokula kila siku ya masomo ni mamia ya maelfu. Ni wali, maharagi, choroko na mboga. Mzazi analipa mbele kwa telefone, kama M-Pesa ya hapa kwetu. Mtoto anavaa bangili, anaigusisha kwenye mashine, anapewa sahani. Hashiki feza, basi hapotezi njiani wala hanunui pipi.

Lakini angalieni bei. Tangu 2023, katika masomo ya serikali mjini Nairobi, mzazi alipa shilingi 5, na serikali ya mji inatia 25. Wenye kazi ile wanatafuta msaada kwa upungufu. Kumbe hata jiko lile kubwa halisimami kwa feza ya wamama peke yake! Siku serikali ikichelewa, sufuria itahangaika. Kwetu tangu 2019 masomo ya msingi ni bure, lakini ule ubure haukutia chakula.

Serikali ya kulipia sahani za Kindu sijaiona. Lakini kulipa mbele tunaweza kuanza, hata bila telefone. Ninyi mnajua likelemba. Wamama kumi wenye watoto katika masomo moja wakubaliane na mama mmoja mpishi. Jioni wanampelekea franga, naye anajua: kesho ni sahani kumi, si tisa, si kumi na tano. Hakibaki kitu, hasara haiko. Apike wali wetu wa Maniema, sombe iliyotwangwa na kuchemshwa sana, na karanga ndani yake. Maharagi yanatoka mbali na ni ghali. Karanga, soya ao samaki wadogo wa Lualaba wanafanya kazi ileile. Chakula kitolewe kingali moto, kimefunikwa, na watoto wanawe mikono kwa sabuni. Tunajua kolera hapa.

Iko neno moja gumu, nalo wamama wenyewe watalikata. Mtoto wa kumi na moja, ambaye mama yake hana kitu wiki hii, atasimama pale akiangalia wenzake wakila. Kila mmoja wa kumi akizidisha kidogo sana, sahani yake imepatikana. Mpangeni hilo siku ya kwanza, kabla mpishi hajawasha moto.