Martin Luther Nyumbani Mwake na kwa Rafiki Zake

Jina la Martin Luther hutajwa katika kila usharika wa Kilutheri, lakini mara nyingi anayetajwa ni yule wa tarehe 31 Oktoba 1517 na hoja zake 95, aliyesimama mbele ya Kaisari mjini Worms mwaka 1521. Baba wa nyumba, aliyebembeleza watoto na kuketi mezani na rafiki zake, hutajwa kwa nadra. Hata hivyo Katekisimo Ndogo, ambayo vijana wa Kipaimara hukesha wakiikariri, iliandikwa ili mkuu wa nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake. Ilipotoka mwaka 1529, mwandishi wake alikuwa na mtoto wa kiume ambaye hajatimiza miaka mitatu, binti aliyezaliwa mwezi Mei mwaka huo huo, na kaburi dogo la binti mwingine.

Luther alimwoa Katharina von Bora tarehe 13 Juni 1525. Yeye alikuwa na umri wa miaka 41, mtawa wa zamani. Bibi arusi alikuwa na miaka 26, naye alikuwa ametoroka nyumba ya watawa ya Nimbschen miaka miwili kabla. Wakapewa nyumba kubwa ya watawa iliyobaki tupu mjini Wittenberg, nayo ikajaa upesi: watoto sita waliozaliwa humo, watoto yatima wa ndugu, wanafunzi waliolipa chakula na malazi, na wageni wasiolipa kitu. Luther hakujua kushika fedha, alichopewa alikigawa. Aliyeifanya nyumba isimame ni Katharina, mwenye bustani, bwawa la samaki, mifugo, shamba la Zülsdorf na pombe aliyoipika mwenyewe, jambo ambalo katika sharika nyingi za leo lingeleta kikao kirefu cha wazee. Mumewe hakuona haya kukiri deni hilo. Tena, hata kabla hajaoa, alikuwa ameandika mwaka 1522 kwamba baba anayefua nepi za mtoto wake kwa imani, watu wakimcheka, Mungu na malaika zake humfurahia.

Mwaka 1527 tauni iliingia Wittenberg. Chuo Kikuu kilihamishiwa Jena, na mtawala wa Saxony akamtaka Luther naye aondoke. Luther alibaki pamoja na mchungaji wa mji, Johannes Bugenhagen, na nyumba yake ikawa kama hospitali. Katharina alikuwa mjamzito. Mtoto, Elisabeth, alizaliwa mwezi Desemba, akafariki Agosti 1528 kabla hajatimiza mwaka. Hapa mtu anaweza kuuliza kama baba mwenye upendo aliyahatarisha maisha ya jamaa yake kwa ajili ya watu wengine, na swali hilo si la kupuuzwa. Luther mwenyewe alilijibu kwa maandishi: asiyefungwa na wajibu anaweza kukimbia bila dhambi, lakini mchungaji, mtawala, au mtu ambaye jirani yake hana mwingine wa kumwuguza, huyo hana ruhusa.

Uaminifu wake kwa rafiki ulipimwa kwa namna nyingine, na kisa kimoja hakijulikani sana, ingawa kinastahili kujulikana. Mjini Wittenberg alikuwako kinyozi na mganga wa majeraha, Peter Beskendorf, rafiki wa miaka mingi. Peter alimwomba Luther amfundishe kuomba. Mwanachuoni mwenye kazi nyingi kiasi kile angeweza kumjibu kwa maneno mawili wakati ananyolewa. Badala yake, mapema mwaka 1535, Luther alimwandikia kijitabu kizima, akichukua mfano kutoka katika kazi ya rafiki yake: kinyozi mwema huweka macho na mawazo yake yote kwenye wembe na nywele, maana akizungumza ovyo au kutazama kwingine atamkata mtu mdomo, au pua, au hata koo. Ndivyo maombi nayo yanavyotaka moyo wote.

Kijitabu kilikuwa kimekwisha kuchapishwa, na jina la Mwalimu Peter likisomeka ndani yake, Peter alipokwenda kula nyumbani kwa binti yake Jumamosi kabla ya Pasaka. Mkwewe, askari, alijisifu mezani kwamba hakuna silaha inayoweza kumdhuru. Peter, akiwa amelewa, alichukua kisu akamchoma, na yule kijana akafa. Adhabu yake ingekuwa kifo. Mji mzima ulijua kwamba mwuaji ndiye yule aliyeandikiwa kitabu cha maombi, na adui za Luther hawakuwa wachache. Kunyamaza kungekuwa rahisi, hata kungeitwa busara. Luther alikwenda kumwombea kwa wakuu. Peter hakuachiliwa huru. Alifukuzwa mjini, akapoteza mali yake, akamalizia siku zake Dessau. Lakini aliishi.

Miaka kumi kabla ya hapo mlango wa Luther ulikuwa umefunguliwa kwa mtu ambaye wala hakuwa rafiki tena. Andreas Karlstadt ndiye aliyemtunukia Luther shahada ya udaktari mwaka 1512. Baadaye walifarakana vibaya, wakaandikiana maneno makali. Baada ya vita vya wakulima mwaka 1525 Karlstadt alikuwa akitafutwa, naye akabisha hodi. Luther, mume wa majuma machache tu, alimficha nyumbani mwake.

Haya yasemwe bila kuficha upande wa pili. Kalamu ya mtu huyu ilikuwa na ukali uliowaumiza wengi. Aliyoyaandika dhidi ya wakulima mwaka 1525, na dhidi ya Wayahudi mwaka 1543, hayana utetezi, na makanisa ya Kilutheri yenyewe yamekwisha kuyakataa yale ya Wayahudi. Hata urafiki ulimkosesha: mwaka 1539 yeye na Philipp Melanchthon walikubali kwa siri Philipp, mtawala wa Hesse, aoe mke wa pili. Siri ilipofichuka mwaka 1540, Melanchthon aliugua mjini Weimar kwa aibu na majuto, akakaribia kufa. Luther alisafiri kwenda kwake, akaomba kando ya kitanda, kisha akamlazimisha ale, kwa maneno yasiyo ya upole hata kidogo. Melanchthon akapona.

Mwezi Septemba 1542 Magdalena, yule binti wa mwaka wa Katekisimo, aliugua. Kaka yake Hans alikuwa shuleni Torgau. Luther alimwandikia mwalimu amrudishe kijana upesi, asimwambie sababu, kwa kuwa ndugu hao walipendana mno. Tarehe 20 Magdalena alifariki mikononi mwa baba yake, akiwa na miaka 13. Mtu aliyefundisha ufufuo kwa maelfu alikiri kwa rafiki zake kwamba roho yake ilifurahi lakini mwili wake ulikataa kufarijiwa.

Mwanzoni mwa mwaka huo huo alikuwa ameandika wosia, akimfanya Katharina mrithi wake pekee bila msimamizi mwanamume, kinyume cha sheria ya Saxony, akiwasihi rafiki zake wamtetee. Januari 1546, akiwa mgonjwa, alikwenda Eisleben kuwapatanisha wakuu ndugu wa Mansfeld. Kutoka huko alimwandikia mkewe barua za utani, kumtuliza asikose usingizi. Mapatano yalifikiwa, alfajiri ya tarehe 18 Februari Luther alifariki, wanawe wawili na rafiki yake Justus Jonas wakiwa chumbani.

Melanchthon alitoa hotuba ya maziko. Wasimamizi waliwekwa hata hivyo, kisha vita vikaja, na Katharina akalazimika kukimbia mji zaidi ya mara moja. Bugenhagen alimwombea msaada kwa mfalme wa Denmark. Mwaka 1552, akiikimbia tauni, aliumia njiani, akafariki Torgau tarehe 20 Desemba. Alizikwa huko huko, katika Kanisa la Mtakatifu Maria, mbali na kaburi la mumewe.