Mchanga Uendao na Mchanga Usiorudi
(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa nizungumze juu ya pwani yetu. Nitaanza kwa kukiri kosa langu.

Nilipokuwa kijana kazini, nilitumwa kukagua pwani moja mwezi wa Agosti. Upande wake wa kusini mchanga ulikuwa umeondoka na mizizi ya minazi i wazi. Nikaandika katika faili kwamba bahari inakula nchi, na mawe yapangwe kuzuia. Mawe yakapangwa hadi majini. Kusi ya mwaka uliofuata, mchanga ukanaswa upande mmoja wa mawe, na diko la wavuvi lililo kaskazini yake likakosa mchanga. Mashua zikakosa pa kupandia. Mzee mmoja wa diko akaniambia, "Mwanangu, ungetuuliza. Mchanga ule kusi huuchukua, kaskazi huurudisha." Nilikuwa na digrii, lakini sikuwa na vipimo hata vya miezi miwili.

Mzee alisema kweli. Kwetu, mawimbi ya kusi husukuma mchanga kuelekea kaskazini, na ya kaskazi huurudisha kusini. Anayetazama mara moja hudanganyika. Lakini kumbukumbu ya mzee nayo haitoshi, kwa sababu haituambii kama unaorudi ni mwingi sawasawa na ule ulioondoka.

Wenyeji wa Tanga wanakijua kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani. Kilikuwa na mivinje, na kasa walitaga huko kwa wingi. Kufikia miaka ya mwanzo ya 1980 miti yote ilikuwa imekwisha, na kisiwa kimekuwa fungu la mchanga linalofunikwa maji yanapojaa. Mchanga wa namna hiyo hauongojewi kaskazi.

Basi tutatofautishaje? Kwa kupima, tena na tena, mahali pale pale. Njia ni rahisi, Mmarekani K. O. Emery aliieleza mwaka 1961. Chukueni fimbo mbili zenye urefu mmoja, zilizotiwa alama za sentimita, na kamba ya kupimia nafasi baina yake. Anzieni kwenye alama isiyohama, kama nguzo ya zege, mkishuka kuelekea majini. Mwenye fimbo ya nyuma alinganishe ncha ya fimbo ya mbele na mstari ambapo bahari hukutana na mbingu. Pale jicho lake lilipo kwenye fimbo yake, ahesabu kutoka juu: hicho ndicho kimo ambacho mchanga umeshuka. Mwenzao wa tatu aandike. Kisha wasogee hatua nyingine, hadi ukingo wa maji.

Siku zifaazo ni za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Siku hizo maji hukupwa sana, kiasi cha saa nne asubuhi. Mara mbili kwa mwezi zatosha.

Kazi hii si ngeni kwa wanafunzi. Katika visiwa vya Karibi, watoto wa shule walianza kupima pwani zao mwaka 1999 katika mpango wa UNESCO uitwao Sandwatch.

Wadogo zangu, vipimo vya mwaka mmoja vitawaonyesha kusi na kaskazi tu. Vya miaka mitano vitaanza kusema kama pwani inapungua. Kwa hiyo Kidato cha Nne wakiondoka, wakabidhi fimbo na daftari kwa Kidato cha Tatu, mbele ya mwalimu, kama wanavyokabidhi ufunguo wa stoo. Ukurasa ukikosekana, asibuni mtu tarakimu. Aache pengo na kuandika sababu.

Nanyi wenzangu, fimbo, kamba na nguzo ya zege si gharama ya kutushinda. Tuzinunue leo kabla hatujatawanyika. Tuweke pia nakala ya daftari kila mwaka, ili ofisa kijana akitumwa kukagua pwani hii, akute vipimo kabla hajashika kalamu.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mchanga ni mali.